Baba Amejifunza Nini Mwezi Huu

Monasteri, Kinangop
12 Januari 2025

Ndugu yangu Ng'ang'a,

Amani iwe katika nyumba yako, kwa mkeo Wacera na kwa Baba. Sisi huku tu wazima, ila baridi. Asubuhi tunavunja barafu nyembamba kwenye ndoo za mbuzi, na vidole vyangu vimepasuka vibaya. Mbuzi mmoja amezaa mapacha. Nimepewa kazi ya kuoka hostia, na tangu Krismasi nimeunguza nyingi kuliko zilizofika altareni.

Barua yako Masinde, dereva wetu, aliniletea. Unasema tangu tumzike Mama mwezi wa kumi na moja, Baba amekaa kwenye kile kiti cha dirishani, haongei, hali mpaka aambiwe, redio hataki hata kuisikia. Mtu aliyefanya kazi zimamoto maisha yake yote, kengele ikilia anaruka na kiatu kimoja! Nimeliombea jambo hili, na nimelifikiria pia.

Baba anahitaji kazi. Kila mwezi umpe mambo matatu: kitu cha kujifunza, kitu cha kusoma, na kitu cha kutengeneza kwa mikono yake. Mwisho wa mwezi uniandikie amejifunza nini, amesoma nini, ametengeneza nini. Andika kirefu. Unajua naruhusiwa barua moja tu kwa mwezi, simu hakuna, na Mama Mkuu huzisoma zinazoingia na zinazotoka. Sitaki nafasi hiyo ipotee kwa salamu tupu.

Mambo yakienda sawa nitaweka nadhiri zangu za kwanza tarehe kumi na tano Agosti. Mtakuja nyote watatu. Nataka kumwona Baba akiingia kanisani kwa miguu yake, kichwa juu.

Dada yako katika sala,
Sista Maria Klara


Mbotela
9 Februari 2025

Lorraine (hilo jina jingine bado linanishinda),

Niaje huko juu? Sisi tupo. Wacera anakusalimu sana na anasema pole kwa vidole, ujipake mafuta ya kupikia. Kazi yake Eastleigh kwenye duka la mapazia la Khadro imepamba moto, maana Ramadhani inakaribia na watu wanabadilisha mapazia. Mimi kibandani hapa Jogoo Road friji zinaletwa zikiwa hoi. Joto la Februari halina huruma. Maji yamepotea tangu Jumanne.

Sasa hiyo kazi uliyonipa. Wewe uko mlimani na mbuzi. Mimi niko na Baba katika vyumba viwili. Kumbuka hilo ukiendelea kusoma.

Nilimwambia mpango wako. Akauliza, "Lorraine ndiye amesema?" Hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyoyasikia kutoka kwake wiki hiyo. Nikasema ndiyo, na kwamba natakiwa kukuandikia kila mwezi. Akasema, "Basi tuanze."

Kujifunza: tarumbeta. Usiniulize kwa nini. Bendi ya lile kanisa la kona ilikuwa na moja ya ziada, imepondeka ubavuni, wakampa. Anaipuliza kuanzia saa nne asubuhi. Inatoa sauti ya ng'ombe aliyekwama mlangoni. Jirani yetu Nzivo ni bawabu wa usiku, mchana ndio hulala. Juzi alikuja kibandani kwangu, macho mekundu, hana hata nguvu ya kugombana. Alisema tu, "Ng'ang'a, tafadhali," akageuka akaenda.

Kusoma: kamusi. Ile kubwa ya Mama ya enzi akifundisha. Anaisoma kutoka ukurasa wa kwanza, kwa sauti. Yuko herufi B. Jana amemsahihisha mama wa mboga mbele ya wateja kwa sababu alisema "mandizi". Leo mama huyo ametuuzia sukuma iliyonyauka.

Kutengeneza: kigoda cha miguu minne. Mitatu inagusa sakafu.

Ripoti ndiyo hiyo. Na wewe je, umejifunza nini? Si haki mimi peke yangu niwe mwanafunzi wa kuandika insha.

Ng'ang'a


Monasteri, Kinangop
27 Februari 2025

Ndugu yangu mpendwa,

Nawasalimu nyote kwa upendo. Mapacha wa mbuzi wamepona mafua. Mwambie Wacera mafuta ya kupikia yamesaidia. Mama Mkuu aliniuliza kwa nini nanukia chapati nikiwa kwenye sala ya asubuhi.

Nimecheka mpaka nikatolewa chumba cha kusomea. Lakini Ng'ang'a, tafadhali, hivi ndivyo unavyosimamia jambo? Kigoda kinahitaji kupimwa kwa rula kabla ya kukatwa, si baada. Tarumbeta unaiziba kwa kitambaa kizito mdomoni, sauti inapungua. Na kamusi ni sawa, ila asirukeruke herufi.

Mwezi ujao ajifunze kupika. Aanze na mukimo, vile viazi vya kupondwa vya Mama. Hawezi kuishi akisubiri Wacera amwekee chakula mbele. Na kwa mikono atengeneze kitu kikubwa sasa, kitu cha kumpa shabaha. Rafu ya vitabu. Vitabu vya Mama viko chini ya kitanda, vinaliwa na mende.

Umeuliza kuhusu mimi. Nimejifunza kuoka hostia bila kuziunguza. Nasoma kitabu kuhusu watawa wa kale walioishi jangwani na kugombania kisima kimoja. Nimesuka kapu. Kapu ni zuri.

Kuanzia Jumatano ya Majivu hatuandiki wala hatupokei barua mpaka Pasaka ipite. Zako zitawekwa. Wewe andika tu hivyo hivyo, usikose.

Sista Maria Klara


Mbotela
30 Machi 2025

Lorraine,

Habari za Kwaresima? Najua hii itakaa kwenye droo ya Mama Mkuu wiki nyingi. Mama Mkuu, kama unaisoma sasa, shikamoo, na samahani kwa yatakayofuata.

Sisi ni wazima. Wacera anakusalimu. Maji yalirudi, yakatoka machafu, yakapotea tena.

Baba anapika. Lorraine, nikwambie jinsi anavyopika? Anapika kama anayezima moto. Kila sufuria ya nyumba hii iko mezani, maji yako sakafuni, na anapiga kelele za amri ingawa yuko peke yake. Wacera anarudi kutoka Eastleigh jioni, miguu imevimba kwa kusimama dukani, anakuta baba mkwe amejaa jikoni na mwiko. Hawezi kumpita, hawezi kumwambia atoke, unajua vile alivyolelewa. Akijaribu kusaidia, Baba anasema, "Mama yenu hakuweka kitunguu hapo." Akikata viazi, "Mama yenu alivikata vikubwa." Wiki tatu, mukimo kila siku, na kila siku si ule wa Mama.

Wacera aliniambia, "Mimi siwezi kumfukuza mzee jikoni. Wewe unaweza." Nikamwambia avumilie kidogo, ni kwa ajili ya ripoti. Akaniuliza, "Ripoti ya nani?" Nikasema ya Lorraine.

Jambo moja zuri. Baba alienda Eastleigh kutafuta kitambaa cha kuziba tarumbeta, kama ulivyoshauri. Aliingia duka moja, na mwenye duka akamshika mkono hakumwachia. Ni Mzee Jimale. Duka lake liliwahi kuwaka moto, na Baba ndiye aliyeingia akamtoa. Walikunywa chai mpaka duka likafungwa. Sasa huenda kila Jumatano, na Mzee Jimale anamfundisha Kisomali. Asubuhi nikiamka nasalimiwa, "Iska warran, Ng'ang'a?" na lazima nijibu kwanza ndipo nipate chai. Hii wewe hukuiagiza, alijitafutia.

Kamusi: herufi H. Rafu: bado anatafuta mbao. Ananiuliza mbao kila siku kana kwamba mimi ni msitu.

Mimi: nimejifunza kunyamaza. Nimesoma namba za tokeni za stima. Nimetengeneza friji za watu.

Ng'ang'a


Monasteri, Kinangop
24 Aprili 2025

Ndugu yangu,

Kristo amefufuka. Tumekula mayai na mkate mtamu, na Sista mmoja mzee aliimba mpaka akalia. Nimehamishwa kutoka kwenye hostia, niko shambani sasa, napanda karoti.

Barua yako nilipewa Jumatatu ya Pasaka. Kisomali! Ninafurahi kupita kiasi. Unaona sasa kwamba mpango unafanya kazi? Mtu aliyekuwa haongei sasa anaongea lugha ya tatu. Mwambie Wacera avumilie kidogo, mukimo utakuja tu, siri ya Mama ilikuwa majani ya malenge aliyoyachemsha kando.

Usimwache Baba apunguze mwendo. Mwezi wa tano nataka rafu iwe imesimama. Ukutani, upande wa kushoto wa mlango, ndipo mahali pake. Pale mlipoweka meza ndogo, iondoeni.

Hali yangu ni njema. Sina mengi.

Sista Maria Klara


Mbotela
18 Mei 2025

Lorraine,

Salamu. Kumekuwa na mvua, Jogoo Road imefurika, kibanda kiliingia maji.

Baba amejifunza kuhesabu kwa Kisomali mpaka mia. Kamusi amefika K, na K ni ndefu. Rafu imekamilika. Mbao nzuri, ngumu, imesimama wima. Vitabu vya Mama viko juu yake.

Agosti nifunge kibanda siku ngapi? Kuna pa kulala huko, au tunarudi siku hiyo hiyo? Nijibu nijipange.

Ng'ang'a


Monasteri, Kinangop
10 Juni 2025

Ng'ang'a,

Nakusalimu. Mvua huku pia. Karoti zimeoza nusu.

Barua yako ilikuwa fupi kama risiti. Nimeisoma mara nyingi kuliko ilivyostahili, na nina maswali.

Mbao zimetoka wapi? Barua iliyopita ulikuwa msitu, hii una mbao nzuri na ngumu. Nani alizileta?

Mukimo uko wapi? Hujautaja kabisa.

Na Wacera yuko wapi? Tangu nije huku, hakuna barua uliyoniandikia bila kusema "Wacera anakusalimu". Hata ile ya msiba uliandika. Hii hakuna. Mgonjwa? Mmekosana? Usinifiche. Nikijua naweza kukwambia la kufanya.

Mambo ya Agosti tutayaongea baadaye.

Sista Maria Klara


Mbotela
29 Juni 2025

Lorraine,

Leo sianzi na hali ya hewa.

Wacera ameondoka. Yuko Komarock kwa dada yake tangu wiki ya kwanza ya Mei. Ulitaka kujua mbao zimetoka wapi? Zimetoka kwenye kabati lake la nguo. Lile la mvule alilopewa na shangazi yake siku ya arusi yetu, ambalo alilipangusa kila Jumamosi kama mtoto mchanga.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa kibandani, mteja ananipigia kelele kuhusu friji ya bucha. Baba akaja, akaniuliza, "Lile kabati la chumbani bado mnalitumia?" Sikusikia hata vizuri. Nikamwambia, "Baba, fanya unavyoona, mradi niwe na kitu cha kuandika." Alirudi nyumbani akalifungua msumari kwa msumari. Nguo za Wacera alizikunja akazipanga kitandani, viatu chini, vizuri kabisa. Jioni Wacera aliingia akakuta rafu imesimama kushoto mwa mlango, pale ulipoagiza, na Baba amesimama kando yake akingoja kupongezwa.

Wacera akauliza, "Kabati langu liko wapi?"

Baba akasema, "Hili hapa. Limekuwa rafu."

Wacera aliigusa ile mbao. Halafu akanigeukia mimi. "Ulijua?"

Nikamwambia, "Si nilidhani..."

Hakupiga kelele, Lorraine. Laiti angepiga. Aliweka zile nguo zilizokunjwa kwenye mfuko, kwa mpangilio ule ule wa Baba, akaondoka. Nimeenda Komarock, hataki kutoka nje. Simu anaijibu, anasema "niko kazini", hata siku ya Jumapili.

Baba hapiki tena. Tarumbeta bado, asubuhi, nusu saa, kama mtu anayemeza dawa.

Na kuna la pili. Juzi Masinde alipoleta barua yako nilimuuliza niwaletee zawadi gani ya sherehe ya Agosti. Akasema, "Sherehe ya nani? Agosti wanaweka nadhiri wawili tu, wa kutoka Meru." Akaona uso wangu, akaanza kuangalia magurudumu ya gari. Kwa hiyo wewe unaniuliza kila kitu mpaka meza yangu ikae wapi, na lako unalikalia?

Umeniletea kazi nisiyoiomba. Nimeifanya. Imenivunjia nyumba. Sasa amua: ama uvue hilo shela uje uendeshe nyumba hii mwenyewe, ama utuache tukosee wenyewe bila kuandikiwa.

Sina ripoti.

Ng'ang'a


Monasteri, Kinangop
3 Agosti 2025

Ng'ang'a,

Barua yako nilipewa baada ya siku nyingi. Mama Mkuu alinitafuta shambani akaniletea mkononi, jambo ambalo hafanyi. Alikaa juu ya ndoo akangoja niisome.

Sijui nianzie wapi kuhusu Wacera, kwa hiyo naanza na langu.

Jumanne baada ya Pasaka niliitwa mbele ya baraza la masista. Walisema hawana shaka na wito wangu, ila nadhiri zangu wanaziahirisha. Mama Mkuu alikuwa na barua zangu kwako, nakala. Alisema, "Sista, hizi ni barua za mwenye nyumba. Mwili wako uko Kinangop lakini wewe unaishi Mbotela, unapanga meza." Nilikasirika. Nilimwambia baba yangu angekufa kwenye kile kiti kama nisingepanga. Akaniambia huenda, na huenda isingekuwa hivyo, lakini niko hapa kujifunza kutojua. Nikatoka nikakuandikia uondoe ile meza ndogo. Wiki hiyo hiyo. Unaweza kucheka.

Sikukwambia kwa sababu niliona haya. Na kwa sababu ungemwambia Baba, na Baba angejiona yeye ndiye kikwazo. Na kwa sababu nilijua ungenitaka niache hizo ripoti, na nilikuwa nazingoja kuliko chakula. Huku ni kimya, Ng'ang'a. Nilikitaka kimya hiki, nakipenda, lakini Mama alifariki na nilikuwa na siku tatu tu za kuja kumzika. Barua zako zilikuwa na sufuria na tarumbeta na Nzivo. Nilikuwa naingia nyumbani kupitia hizo.

Mama Mkuu pia hucheka akizisoma. Ndiyo maana huchelewa kunipa.

Kabati lile namkumbuka Wacera akilisifu. Niliagiza rafu kana kwamba ukuta ni wangu. Nimeanza kukuandikia la kumwambia Wacera, sentensi tatu nzima, halafu nikazifuta. Ndizo hizo unazoona zimekatwa kwa mistari. Sijui la kumwambia. Wewe ndiye mume wake.

Msomee Baba barua hii, yote. Ripoti basi.

Lorraine


Mbotela
14 Septemba 2025

Lorraine,

Nimeiona saini yako. Asante.

Salamu kutoka kwa wote. Mvua imekwisha, maji yako, kibanda kimepigwa bati jipya. Nzivo amepata kazi ya mchana huko Ruai, amehama. Anasema si kwa sababu ya tarumbeta, akasema mara mbili.

Nilimsomea Baba barua yako yote. Alikuwa amekaa na tarumbeta magotini. Nilipofika mahali pa baraza la masista, akanisimamisha.

"Kwa hiyo hata yeye zilimletea shida?"

"Nini?"

"Hizi ripoti. Mimi nilidhani ndizo zinamweka kule. Nilidhani akisikia nimekaa tu, atavua shela aje."

Nikamwambia, "Baba, wewe ulikuwa unafanya haya kwa ajili ya Lorraine?"

"Kwani wewe ulikuwa unayafanya kwa ajili ya nani?" Akaiweka tarumbeta chini, pole pole. "Ng'ang'a, mimi sipendi tarumbeta. Sijawahi kuipenda. Midomo inaniuma mpaka siwezi kunywa uji wa moto."

Nikamuuliza, "Na kamusi?"

"Kamusi ni nzuri. Lakini ile ya kusoma kwa sauti ilikuwa usikie, upate cha kuandika. Koo limekwisha."

Lorraine, nilitaka kucheka na nilitaka kumtikisa. Miezi yote hiyo! Nzivo hajalala, Wacera hana kabati, wewe huna nadhiri, mimi nimekuwa karani, na hakuna mmoja wetu aliyekuwa akiitaka hiyo tarumbeta.

Baada ya hapo akaanza kuniambia kuhusu Mama. Sikumuuliza. Aliniambia jinsi mukimo ulivyomshinda: si viungo, ni kwamba kila alipofikia kuuponda alisikia Mama akimwambia atoke jikoni, na alikuwa anangoja amwambie tena. Aliongea mpaka chai ikapoa. Nililia mimi, yeye hakulia.

Jumamosi tukaenda Komarock, mimi na yeye. Dada yake Wacera alifungua, akatuacha tumesimama sebuleni. Wacera akatoka, hajajifunga hata leso ya heshima, amevaa suruali. Baba alikuwa ameandaa hotuba. Akaanza, "Mkaza mwanangu, nimekuja kwa unyenyekevu kukiri ufidhuli na..."

Wacera akasema, "Baba, ongea kawaida."

Baba akasema, "Nilivunja kitu chako bila kukuuliza."

"Ndiyo."

"Nilikuwa nataka kusifiwa."

Wacera akamwambia aketi. Mimi hakuniambia. Nikiwa nimesimama, nikasema nilimruhusu bila kusikiliza, na kwamba nilimwambia yeye avumilie ilhali aliyepaswa kusema neno ni mimi.

Akasema, na ninakuandikia kama alivyosema: "Kabati ni mbao. Ninyi watatu mmekuwa mkiandikiana kuhusu nyumba yangu tangu Januari. Anaandika sista, unajibu wewe, anatenda mzee. Jiko langu liko ndani ya barua, ukuta wangu uko ndani ya barua. Mimi niko wapi? 'Wacera anakusalimu.' Mara nyingine hata sikuwa nimesalimu!"

Ni kweli. Nyingi nilizibuni mwenyewe.

Ilichukua wiki mbili zaidi. Nilienda kila Jumamosi, tukikaa nje ya geti la dada yake. Hatukuongea mengi. Wiki ya pili aliniuliza friji ile ya bucha ilikuwa na ugonjwa gani mpaka ikanipotezea akili. Nikamweleza yote kuhusu kompresa, ile mota inayosukuma ubaridi, akasikiliza, akasema, "Sasa ungeniambia mimi hivyo siku ile ile."

Amerudi. Masharti ni yake. Baba amechukua kile chumba cha Nzivo, mlango wa tatu kutoka kwetu, na pensheni yake inamtosha. Kumbe alikitamani tangu zamani akaogopa tutasema amefukuzwa. Tarumbeta ameirudisha kanisani. Jumatano huenda kwa Mzee Jimale, na siku nyingine Mzee Jimale anakuja huku, wanakaa mlangoni wakibishana kwa Kisomali, na nadhani Baba anashindwa kila mara. Jikoni haingii ila akialikwa. Rafu imebaki ilipo, Wacera amesema vitabu visihamishwe tena, ila nusu ya chini ni ya viatu vyake.

Kuhusu wewe. Sijui baraza lenu litaamua nini, na sikwambii la kufanya. Baba anasema ukae huko kama unapataka, na kama hupataki urudi, chumba chake kinatosha vitanda viwili, lakini asiwe ndiyo sababu ya lolote kati ya hayo. Alisema niandike hivyo neno kwa neno, nami nimeandika.

Wacera amesimama nyuma yangu anasoma. Sasa anataka kalamu.

Ng'ang'a

Wifi,

Mimi ni Wacera. Hii salamu ni yangu kweli: hujambo?

Nilikukasirikia sana. Bado kidogo. Barua yako ya Agosti nimeisoma, na zile sentensi tatu ulizofuta nimezisoma pia, ukiinua karatasi kwenye mwanga zinaonekana. Ile ya pili, uliyoniomba radhi, ilitosha. Ungeiacha.

Hakuna mtu mwaka huu aliyeniuliza mimi najifunza nini. Najifunza udereva. Nilianza nikiwa Komarock, na gari limenizimikia Kangundo Road mbele ya lori la kokoto, dereva wa lori akashuka akanisukuma. Mtihani ni mwezi ujao. Nasoma hadithi niliyoazimwa na Khadro, ya mwanamke anayemtafuta aliyemuua mume wake. Nimebakiza kurasa chache na mwenye kunisimulia mwisho atajuta. Nimeshona gauni kwa vipande vya pazia vilivyobaki dukani, rangi ya kijani. Linanikaa.

Nadhiri zako zikipangwa, za mwaka huu au mwaka ujao, tarehe niandikie mimi. Hawa wawili nitawaambia. Bahasha uandike Wacera.